Chemchemi, kisima, kipimamvua au utabiri wa msimu: kipi kiwaambie kama maji yatafika Desemba?

Dodoma na Singida mvua ina msimu mmoja tu. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakatika Aprili, halafu ni jua na vumbi mpaka ije nyingine. Ikifika Mei, kila anayesimamia maji, awe mwenyekiti wa kamati ya kijiji kule Mpwapwa au mhandisi wa mamlaka ya mji, anabaki na swali moja: haya tuliyonayo yatatuvusha?

Nyuma ya swali hilo kuna maamuzi yasiyongoja. Kama maji hayatoshi, mgao uanze Julai watu wakiwa bado na uvumilivu, usianze Oktoba foleni ya madumu ikiwa imeshafika barabarani. Wenye bustani za nyanya na mchicha chini ya banio, yaani ukuta unaokinga maji kwenye chanzo, waambiwe kabla hawajasia mbegu. Shule ya bweni ijue mapema kama itahitaji boza mwezi wa kumi, maana ukilitafuta boza wakati kila mtu analitafuta, bei yake unaijua.

Njia za kulijibu swali hilo ziko kadhaa, na watu huzichanganya kana kwamba zote zinasema jambo moja. Hazisemi jambo moja. Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni ili usome ukiujua: kama kijiji chenu kinakunywa maji ya chemchemi, mtiririko wa chemchemi hiyo hiyo, ukipimwa kuanzia mwisho wa Mei, utawaambia habari za Novemba kuliko tangazo lolote la redioni. Kama mnakunywa kisima kirefu, jibu liko kwenye kina cha maji kisimani. Utabiri wa msimu ni kitu kizuri na uendelee kusikilizwa, ila wenyewe unajibu swali la mkulima kabla ya kujibu la mchota maji.

Utabiri wa TMA

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za msimu, yaani Novemba hadi Aprili, kwa mikoa inayopata msimu mmoja kwa mwaka. Dodoma na Singida zimo. Taarifa hutoka karibu na mvua zenyewe, kwa kawaida mwezi wa kumi, na inasema mambo matatu ya maana: mvua zitakuwa juu ya wastani, za wastani au chini ya wastani, zitaanza lini, na zitakatika lini. Mkulima wa mtama, uwele au alizeti akiwa na hayo matatu ana pa kuanzia. Anajua achague mbegu ya muda mfupi au ajipe moyo.

Sasa iangalie kwa jicho la kamati ya maji. Kwanza, inakuja Oktoba, wakati maji ya kiangazi yameshatumika sehemu kubwa. Uamuzi wa mgao ulitakiwa Julai. Pili, inazungumzia mvua itakayonyesha, haizungumzii maji yaliyokwisha kuingia ardhini msimu uliopita. Tatu, inazungumzia eneo pana, na mvua ya Dodoma ina ubaguzi wake: ndani ya jiji hilo hilo inaweza kunyesha kata ya Kikuyu mpaka mifereji ifurike huku kata ya Nzuguni wanaanika mahindi.

Kuna na hili la El Niño. Watu wakilisikia wanajiandaa kwa mafuriko. Kwa mikoa ya kaskazini na pwani yenye vuli, uhusiano wa El Niño na mvua nyingi ni wa nguvu. Sisi wa kati tuko kwenye mpaka wa tabia mbili: kaskazini yetu El Niño huelekea kuleta mvua, kusini mwa Afrika huelekea kuleta ukame, na hapa katikati inaweza kuangukia upande wowote. Bahari ya Hindi nayo ina sauti yake. Mwaka 1997/98 vyote viwili vilikuja kwa nguvu na kila mwenye umri wa kutosha anakumbuka. Lakini kupanga maji ya kijiji kwa kusikia neno El Niño peke yake ni kubahatisha.

Kipimamvua cha shuleni

Chombo hiki nakipenda kwa sababu ni cha bei nafuu na mwanafunzi wa darasa la tano anakimudu. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hesabu haina ugumu. Tatizo ni kwamba kinapima kilichodondoka, hakipimi kilichobaki. Dodoma inapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na uwezo wa jua na upepo wake kukausha maji ni mara tatu ya hapo au zaidi. Sehemu kubwa ya mvua inarudi juu kabla haijafika popote.

Misimu miwili inaweza kufanana jumla na ikatofautiana kabisa chini ya ardhi. Msimu mmoja ukileta manyunyu ya milimita nane leo, sita kesho kutwa, kisha jua wiki nzima, mazao yanaweza kwenda vizuri na chemchemi isione kitu. Msimu mwingine ukimwaga milimita 200 ndani ya siku kumi za Januari, udongo unajaa, unashindwa kushika, na ziada inazama kwenye nyufa za miamba.

Hili haliko kwenye mawazo tu. Makutupora, kaskazini mwa jiji, ambako visima vya Mzakwe vinailisha Dodoma, kina cha maji ya ardhini kimeandikwa tangu miaka ya 1950. Watafiti walipoichambua rekodi hiyo ya miaka 55, na kuchapisha matokeo mwaka 2013, walikuta kwamba ardhi haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Inajazwa kwa vipindi: miaka kadhaa maji yanashuka tu, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida na kuyapandisha kwa mkupuo. Misimu hiyo inafungamana na El Niño na hali ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mtu akikuambia "mwaka huu mvua ilikuwa ya wastani, maji yatakuwa ya wastani", mwombe akuonyeshe amepima nini.

Wastani umewaumiza watu katika mkoa huu kabla yetu. Mpango wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ulikuja na matrekta na fedha nyingi ukaangushwa pamoja na mambo mengine na ukame na udongo unaokauka ukawa kama saruji.

Chemchemi yenyewe

Huku kwetu miamba ni ya kale sana, matale (graniti) na jamii zake, na maji hukaa kwenye udongo wa changarawe uliotokana na mwamba uliooza na kwenye nyufa zilizo chini yake. Chemchemi inatokea pale mteremko unapoikata hifadhi hiyo, kama zinavyotoka kwenye vilima vya Kiboriani kati ya Mpwapwa na Kongwa au kwenye milima ya Kondoa. Mvua zikikatika, hakuna kinachoingia tena. Kinachotoka kinategemea kilichobaki ndani: kikiwa kingi kinasukuma kwa nguvu, kikipungua msukumo unapungua nao. Ndiyo maana mtiririko wa kiangazi haushuki ovyo. Unashuka kwa mpangilio, kila mwezi ukibaki na sehemu ile ile ya mwezi uliotangulia. Mfaransa Edmond Maillet aliiweka kanuni hiyo katika hesabu mwaka 1905, na bado ndiyo inayotumika kwa kazi za kila siku.

Magharibi mwa Marekani watabiri wa maji wanapima theluji iliyolala milimani, maana ndiyo itakayoyeyuka na kujaza mito, na wanauangalia pia mtiririko wa kabla ya baridi kujua ardhi ilikuwa imelowa au kavu theluji ilipoanza. Sisi hatuna theluji. Akiba yote iko chini ya miguu, na chemchemi ndiyo dirisha pekee la kuichungulia bila kuchimba.

Tuifanye kazi yenyewe. Unahitaji ndoo ya lita 20, simu yenye saa ya kuhesabia sekunde, na daftari. Ndoo za sokoni hazilingani hata zikiandikwa lita 20, kwa hiyo ijaze kwanza kwa kipimo cha lita moja mara ishirini na uchore mstari kwa rangi. Ndoo hiyo isitumike kwa kazi nyingine wala isibadilishwe katikati ya mwaka. Nenda alfajiri kabla jua halijapanda. Miti iliyo karibu na chanzo inavuta maji mchana, na kwenye chemchemi ndogo tofauti ya asubuhi na saa nane mchana inaonekana kwa macho. Hakikisha maji yote yanapita kwenye bomba moja: funga valvu ya kwenda kijijini, subiri kisanduku cha banio kijae, kisha pima kwenye bomba la kufurikia. Kama kuna maji yanapenya pembeni mwa ukuta wa banio, ziba kwa udongo wa mfinyanzi kabla hujapima. Rudia mara tatu, chukua wastani wa sekunde.

Sasa namba. Chukua chemchemi ya mfano ambayo mwisho wa Mei inajaza ndoo kwa sekunde 25. Ni lita 0.8 kwa sekunde, lita 69,120 kwa siku. Sera ya Maji ya 2002 inataka walau lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo mtiririko huo ungetosha watu zaidi ya 2,700. Kijiji kina watu 1,200. Hapo ndipo kamati nyingi zinapofunga daftari na kwenda nyumbani kwa furaha.

Mwisho wa Juni ndoo inajaa kwa sekunde 29 na nusu hivi. Ni lita 0.68. Gawanya 0.68 kwa 0.8, unapata 0.85: kila mwezi chemchemi inabaki na asilimia 85 ya ilichokuwa nacho. Endelea kuzidisha kwa 0.85. Mwisho wa Julai 0.58, Agosti 0.49, Septemba 0.42, Oktoba 0.36 kasoro, Novemba 0.30. Ile ndoo ya sekunde 25 mwishoni mwa Novemba inachukua sekunde 66.

Watu 1,200 kwa lita 25 wanahitaji lita 30,000 kwa siku, sawa na 0.347 kwa sekunde. Mstari wa mtiririko unashuka chini ya mahitaji, yaani unakatika, siku za mwanzo za Novemba. Ongeza ng'ombe 200 wanaoletwa kunywa hapo hapo, kila mmoja lita 25, mahitaji yanakuwa lita 35,000, sawa na 0.405, na mstari unakatika wiki ya kwanza ya Oktoba. Yote haya yamejulikana mwisho wa Juni, kwa ndoo. Utabiri wa msimu bado haujatoka.

Mambo mawili yaharibuyo hesabu hii yanatokana na haraka. La kwanza ni kuanza kupima mapema mno. Wiki chache baada ya mvua ya mwisho chemchemi inatoa maji ya juu juu yanayokimbia haraka, na ukichukua kasi hiyo ya kushuka utajitisha bure. Acha wiki sita zipite. Mvua ikikatika katikati ya Aprili, mwisho wa Mei ni wakati mzuri. La pili ni kutegemea vipimo viwili tu. Mei na Juni vinakupa makadirio ya kwanza, Julai kinayasahihisha. Kama Julai imekuja tofauti sana na ulivyotarajia, usiibadilishe hesabu kabla hujapanda juu kuangalia. Mara nyingi kuna mpira wa bustani umeunganishwa juu ya banio na kufunguliwa usiku. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, na hapo namba yenu inakuwa ushahidi wa kwanza kabla ya ugomvi.

Chemchemi kubwa inayojaza ndoo chini ya sekunde kumi usiipime kwa ndoo. Kosa la sekunde moja kati ya saba ni zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Tumia pipa la lita 200, au mwombe fundi akukatie bamba la chuma lenye mkato wa V wa pembe mraba, alipachike wima kwenye mfereji ili maji yote yapite kwenye mkato. Maji yaliyotulia nyuma ya bamba yakiwa sentimita 5 juu ya ncha ya V, mtiririko ni robo tatu ya lita kwa sekunde hivi. Yakiwa sentimita 10, ni lita 4.4. Rula inatosha, na faida yake ni kwamba mtoto anaweza kusoma namba asubuhi na kuiandika bila kugusa valvu.

Kuna chemchemi zisizofaa kwa kazi hii. Za maji moto, zilizopo upande wa Singida, hutoka chini sana na hazijui habari za msimu uliopita. Na ile chemchemi ya msimu inayotokea Februari na kupotea Mei ni maji ya mvua yaliyochelewa tu. Inayofaa ni ile inayotiririka mwaka mzima na inayobadilika. Isiyobadilika kabisa mwaka hadi mwaka inafurahisha kunywa, ila haina la kukuambia.

Kisima kirefu

Hapa hoja inageuka. Kisima kirefu kinachochota kwenye bonde pana lenye mchanga na changarawe nyingi, mfano wa Makutupora, kina kumbukumbu ya miaka. Chemchemi ya mlimani kumbukumbu yake ni ya miezi: ule mfano wetu unapungua nusu kila baada ya miezi minne na kitu. Kwa hiyo kisima hakitakutisha kwa msimu mmoja mbaya, na hiyo ni hatari yake. Kina kikishuka sentimita chache kila mwaka kwa miaka mitano hakuna anayepiga kelele, na siku pampu inapoanza kunyonya hewa, kuongeza urefu wa bomba hakuleti maji.

Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 765,179 kwenye sensa ya 2022, na tangu Serikali itangaze kuhamia mwaka 2016 ujenzi haujapumzika. Kwa mji wa ukubwa huo kuuliza "Desemba tutafika?" ni kuuliza swali dogo. Swali lao ni la miaka mitatu, minne, mpaka msimu mwingine mkubwa wa kujaza ardhi uje. Chemchemi haiwezi kulijibu. Kina cha kisima cha uangalizi, kisichopampiwa, ndicho kinachojibu.

Kwa kijiji chenye kisima kimoja cha pampu ya jua, kipime pia. Zima pampu jioni, pima alfajiri kabla haijawashwa, maana kina ukikipima pampu ikifanya kazi unapima uchovu wa pampu. Kifaa chenye waya na taa au kengele kipo kwa mafundi wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) na ofisi za mabonde ya maji. Kamati isiyo nacho inaweza kutumia utepe wa kupimia na kipande cha bomba la chuma kilichozibwa juu na kuachwa wazi chini: kikigusa maji kinatoa mlio unaosikika juu. Shida kubwa ni kwamba visima vingi vimefungwa juu bila tundu la kupimia. Kama kisima chenu bado hakijachimbwa, dai tundu hilo liwekwe kwenye mkataba. Ni kazi ndogo kwa fundi akiwa bado na mitambo, na kubwa sana akishaondoka.

Korongo, mbuyu na wazee

Wanaochimba mchanga wa korongo kutafuta maji wana kipimo chao tayari: wamefika kina gani mwezi gani. Funga kijiti chenye alama kwenye shimo moja na uandike. Kumbukumbu ya korongo ni fupi kuliko ya chemchemi, ila mwelekeo unaonekana.

Dalili za asili sizidharau wala sizipi kazi isiyo yake. Mbuyu kuchipua, upepo kugeuka, ndege fulani kuanza kulia: wazee wa Kigogo na Kirangi wana orodha ndefu na nyingi zinahusu kukaribia kwa mvua. Hiyo ni kazi ya Oktoba na Novemba, jirani na kazi ya TMA. Haikuambii kilichobaki mlimani.

Penye utajiri wa wazee ni kumbukumbu ya miaka mibaya, mradi umeuliza vizuri. Ukiuliza "Mzee, chemchemi hii imewahi kukauka?" utajibiwa "haijawahi", na jibu hilo halina msaada. Uliza kwa mwaka ambao kila mtu anaukumbuka. Ukame wa 2005/06 ulishusha maji ya bwawa la umeme la Mtera mpaka nchi nzima ikaingia mgao wa umeme, kwa hiyo una alama.

"Shikamoo bibi. Mwaka ule wa mgao wa umeme, hapa mlikuwa mnachota vipi?"

"Marahaba mwanangu. Mwaka ule tulikuwa tunatoka saa nane za usiku. Unaweka ndoo, unakaa, unasinzia, unaamka bado haijajaa."

Mrudishe hapo hapo kwenye bomba, fungua maji kidogo kidogo mpaka aseme "hivyo, ilikuwa hivyo", kisha pima sekunde. Si kipimo cha maabara. Lakini umepata mstari wa chini wa mwaka ule bila kuwa na daftari la wakati huo, na ndio mstari wa kulinganishia hesabu yenu ya mwaka huu.

Basi uchague kipi

Kijiji cha mserereko, maji yanashuka yenyewe kutoka mlimani: chemchemi, bila kusita. Pima mwisho wa kila mwezi kuanzia Mei, amua mgao kwenye kikao cha Julai. Miradi inayogawana chanzo kimoja kati ya vijiji vingi, kama ule wa Ntomoko kule Kondoa na Chemba, ndiyo inayohitaji namba hizi kuliko wote. Kijiji cha mwisho kwenye bomba huwa cha kwanza kukauka, na bila kipimo cha chanzo kila kijiji humtuhumu jirani wa juu hata pale mlima wenyewe ndio uliopunguza.

Kijiji cha kisima kirefu kwenye tambarare, mathalani sehemu kubwa ya Bahi na Manyoni: kina cha maji, mara moja kwa mwezi, na mtazame mwaka kwa mwaka. Kama kuna chemchemi kwenye kilima cha jirani msiyoitumia, ipimeni tu kwa faida ya habari. Inaonyesha haraka kama msimu uliopita uliingiza kitu ardhini, kabla kisima hakijaanza kuonyesha. Hata hivyo msihesabie lita za kisima kwa namba za chemchemi, ni akiba mbili tofauti.

Mfugaji anayehama: korongo na mabwawa, kisha utabiri. Hana sababu ya kupima sekunde za ndoo, ila kamati ikishajua tarehe ya mstari kukatika, yeye awe wa kwanza kuambiwa. Akijua Julai kwamba Oktoba hapana maji ya mifugo, anapanga njia. Akiambiwa Oktoba, ng'ombe wameshadhoofu na ugomvi na wakulima uko mlangoni.

Mkulima wa mvua: TMA na kipimamvua. Chemchemi haijui lolote kuhusu Januari ijayo, na mtu asije akapanda mahindi ya muda mrefu kwa kuwa chemchemi ya kijiji ilikuwa na nguvu mwezi wa tisa. Hiyo ilikuwa mvua ya mwaka jana ikizungumza.

Mwenye bustani ya kiangazi chini ya banio yuko kati. Maji yake ni mabaki ya wengine, kwa hiyo atumie namba za kamati. Mwaka ambao hesabu ya Juni inaonyesha mstari utakatika Oktoba, apande mboga za siku arobaini mara moja aache, au apunguze matuta kwa nusu. Nyanya zilizofia kwenye maua hazimrudishii hata bei ya mbegu.

Pale utabiri na chemchemi vinapokutana ni mwezi wa kumi. Kamati ina mstari wa mtiririko mkononi na TMA imetangaza tarehe ya kuanza mvua. Kama mvua zinatarajiwa kuchelewa hadi mwisho wa Desemba, usibaki kwenye namba ya Novemba, zidisha kwa 0.85 mara moja zaidi. Ule mfano wetu unafika lita 0.256 kwa sekunde, maji ya watu 886 katika kijiji cha watu 1,200. Na mvua ya kwanza haifungi hesabu hiyo: udongo uliokauka miezi saba unakunywa wa kwanza, kwa hiyo mgao usiondolewe siku radi inapopiga. Endelea kupima ndoo. Sekunde zikianza kupungua mara mbili mfululizo, asubuhi, huku mvua ikiwa haijanyesha siku mbili tatu, mlima umeanza kupokea, na vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, vinaweza kufunguliwa saa zake za kawaida.